Nataka kuacha basi nikaendeshe treni, mke wangu hataki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dereva wa basi, nina miaka 37, mke mmoja na watoto watatu. Njia yangu ni Dar es Salaam–Dodoma. Leseni yangu ni daraja C, kozi ya PSV, ile ya magari ya abiria, nilifanya NIT, Chuo cha Usafirishaji pale Mabibo, na mtihani wa madereva wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nimefaulu. Sijawahi kuangusha gari, na tochi imenipiga mara chache kuliko wenzangu wengi.

Shangazi, tangu treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, kazi yetu imeyumba. Abiria wanaofuata mikutano na wenye haraka wamehamia kule. Wao wanatumia karibu saa nne. Saa nne zikitimia sisi ndiyo kwanza tumepita Morogoro na watu wanaomba kuchimba dawa. Tajiri ameondoa gari mbili kwenye njia hii, tuliobaki tunapokezana. Kuna wiki nashika gari la mtu mwingine kama deiwaka tu ili nyumbani pachemke.

Juzi nilipanda Mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua iliyochongoka, kwenda msibani Dodoma. Tulipofika nilimwona dereva anashuka na begi lake, shati limenyooka, hana vumbi. Nikajiuliza, huyu ana nini ambacho mimi sina? Kuendesha ni kuendesha. Yeye hata kona hakati, reli inamkatia.

Elimu yangu ni kidato cha nne, 2006, divisheni four. Nina C ya Kiswahili, D za Uraia, Jiografia na Kiingereza. Hisabati na Fizikia ni F. Kuna mtu pale stendi ya Mbezi ana ndugu yake ndani ya reli. Anasema nikitoa milioni mbili na nusu jina langu linaingia kwenye kundi la mafunzo linalofuata, bila usaili, kwa sababu wanatafuta watu wenye uzoefu wa barabara. Nina kiwanja Chanika, nafikiria kukiuza.

Mke wangu amekataa katakata. Anasema mwanaume wa umri wangu hakai darasani na watoto, na kwamba basi angalau tunalijua. Tumenuniana wiki ya pili sasa. Nifanyeje?

Dereva wa Mbezi

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na huyo wa milioni mbili na nusu ili tumalizane naye. Ni mwizi. Shirika la Reli ni la umma, na nafasi za kazi za umma hutangazwa wazi, siku hizi kwa sehemu kubwa kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Kuomba ni bure. Anayekuahidi kazi "bila usaili" amekwambia mwenyewe kwamba anachouza hakipo. Na kama kweli ana ndugu ndani anayepokea hela, basi hiyo ni rushwa, na ukitoa utashitakiwa pamoja naye. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kiwanja cha Chanika kisiuzwe. Hata kama mengine yote niliyoandika hapa utayatupa, hilo lishike.

Sasa tuje kwenye "kuendesha ni kuendesha". Hapo umenichekesha, maana marehemu mume wangu alikuwa dereva wa Reli ya Kati, na neno hilo hilo alikuwa akiambiwa na shemeji yake wa malori kila Idi. Alikuwa hajibu, anaongeza chai.

Kwenye basi unaendesha kwa jicho. Unaona ng'ombe, unaona trafiki, unaona lori limewasha indiketa, mguu unakwenda kwenye breki. Gari linasimama ndani ya umbali ambao jicho lako limeuona. Treni haifanyi hivyo. Ni chuma juu ya chuma, mahali gurudumu linapogusa reli hapazidi ukubwa wa sarafu, na nyuma yako kuna mamia ya tani zinazokusukuma. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa, ambao ndio mwendo SGR yetu ilisanifiwa, inahitaji zaidi ya kilomita moja kusimama. Kwa hiyo unapoona kitu mbele, mara nyingi umeshachelewa. Dereva wa treni anaamini ishara, sio jicho. Akiambiwa na ishara asimame, anaanza kusimama wakati mbele yake peupe kabisa, hakuna kuku wala mtu. Kwenye SGR ruhusa ya kwenda na kiwango cha mwendo humjia hata kwenye skrini ndani ya kichwa cha treni. Hakuna kuomba njia kwa taa. Hakuna "huyu namjua atanipisha". Ninyi wa barabarani mnaishi kwa kupatana, sasa huku hakuna wa kupatana naye.

Halafu breki. Hili nalirefusha kwa makusudi. Mabehewa yameunganishwa na bomba la upepo kutoka mbele mpaka nyuma. Upepo ukiwa umejaa ndani ya bomba, breki zimeachia. Upepo ukipungua, zinashika. Ndiyo maana bomba likikatika treni hujifunga yenyewe, na huo ni ubunifu mzuri sana wa wazee. Lakini mtu akiitumia breki hovyo, anashika anaachia, anashika anaachia kwenye mteremko, upepo wa akiba kwenye matangi ya mabehewa, ambao ndio unaosukuma breki, unaisha kabla haujajaa tena, anabaki na treni isiyo na breki. Basi kabla ya kuondoka, breki hujaribiwa mpaka behewa la mwisho. Si kwa kukanyaga pedali na kusikia "tsss". Kuna utaratibu, kuna mtu upande wa nyuma anayethibitisha, na kuna karatasi.

Wewe umezaliwa zamani ya kutosha kukumbuka Igandu. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima kule Dodoma ilishindwa kushikwa na breki, ikarudi kinyumenyume kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Waliofariki walizidi 280. Kila mwanafunzi wa udereva wa treni nchini hii anapaswa kulijua tukio lile vizuri kuliko anavyoijua njia yenyewe. Usiende kule ukidhani kazi ni nyepesi kwa sababu usukani haupo. Usukani ndio ulikuwa sehemu rahisi.

Kuna na urefu. Basi lako lina mita kumi na mbili, linapanda au linateremka. Treni ya mizigo ndefu inaweza kuwa kichwa kinateremka, katikati kuko bondeni na mkia bado unapanda, kwa wakati mmoja. Ukivuta kwa pupa unakata kiungo, ukishika breki kwa pupa nyuma inakuja kukugonga mgongoni. Dereva anajifunza njia kilomita kwa kilomita, wapi pana mlima, wapi pana kona, wapi mvua ikinyesha reli inateleza na inabidi kumwaga mchanga mbele ya magurudumu. Mume wangu alikuwa anaweza kukueleza Kilosa mpaka Gulwe amefumba macho, pamoja na mahali mto hupenda kula tuta. Na ukifuzu kichwa cha aina moja hujafuzu vyote. Nchi hii ina reli za upana wa aina tatu: milimita 1,000 ile ya Mjerumani, 1,067 ya TAZARA, na 1,435 ya SGR. Dizeli si umeme, na umeme wenyewe wa SGR ni volti 25,000 unaopita juu ya kichwa chako.

Je, ulichonacho hakina thamani? Kina, ila siyo hapo unapodhani. Umezoea kuamka saa tisa usiku na kufika kazini ukiwa na akili timamu. Umezoea kubeba watu wasiokujua ambao wamelala kwa kukuamini. Umeshaishi na kifaa cha LATRA kinachoripoti mwendo wako ukizidisha 80, kwa hiyo hutashtuka ukikuta kichwa cha treni kinarekodi kila unachofanya na kina pedali au kitufe unachotakiwa kugusa kila baada ya muda mfupi ili kuonyesha uko macho, usipogusa treni inajifunga breki. Mtu aliyetoka ofisini hayo yote anayaanza upya. Kwenye usaili ndiyo ya kuyasema. Usiseme "najua kuendesha". Sema umefanya kazi ya usalama chini ya kanuni na hujapoteza abiria.

Njia yenyewe sasa. Udereva wa treni haufunguliwi na leseni ya barabarani. Unafunguliwa na vyeti, mafunzo ya reli, uthibitisho wa kiafya, kisha muda wa kukaa kama dereva msaidizi ukimtazama mwenzako. Sifa hubadilika kutoka tangazo hadi tangazo, hivyo soma tangazo lenyewe, usisomewe na mtu wa stendi. Lakini mwelekeo unajulikana: wanapenda waliosoma reli, au ufundi wa mitambo, umeme au elektroniki.

D zako tatu na ile C zinakupa ufaulu wa masomo manne, ambao ndio ngazi ya chini ya kuingia vyuo vingi vya kati. Kwa kozi za ufundi, F mbili hizo zitakuziba. Rudia Hisabati na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huhitaji kurudia yale uliyoshinda. Usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Kisha kuna Chuo cha Reli kule Tabora, ambako reli imekuwa ikifundisha watu wake miaka mingi, na kuna hao hao NIT Mabibo unaowajua tayari. Kama chuo kitachelewa kukupokea, VETA ya umeme au mitambo haitakupotezea muda.

Piga hesabu nami. Una 37. Mtihani ukiufanya Novemba ijayo una 38. Stashahada kwa aliyetoka kidato cha nne ni kama miaka mitatu, unatoka na 41 au 42. Matangazo ya utumishi wa umma kwa kawaida yanaandika umri usiozidi 45. Unabaki na miaka mitatu ya kusubiri tangazo, kuomba, kukosa, kuomba tena. Inatosha, lakini haina nafasi ya kupoteza mwaka mmoja kwa kununiana. Ndiyo sababu nakwambia amua mwaka huu. Ukisema "tutaona mwakani", jibu litakuwa limeshatoka lenyewe.

Na vyeti, mwanangu. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha NIDA liwe moja. Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya herufi moja. Slipu ya matokeo haikubaliwi, kama cheti halisi cha 2006 hukuwahi kukifuata shuleni, nauli ya kukifuata uanze kuitafuta leo.

Sasa mkeo. Amekosea jambo moja, la umri na darasa. Vyuo vya ufundi vimejaa watu wazima na hakuna anayewacheka baada ya wiki ya kwanza. Lakini katika mengine nadhani anaona mbali kuliko wewe. Wewe umemwambia habari ya shati lililonyooka. Umemwambia nani atalipa ada ya watoto ukiwa darasani? Umemwambia kwamba ukipata kazi hutakuwa dereva siku ya kwanza, utakuwa mdogo kwa watu uliowazidi miaka kumi na mitano, na posho ya safari unayorudi nayo mkononi sasa haitakuwepo?

Nami nimwambie, kwa kuwa nimekuwa mke wa kule. Tuliishi kota za reli Tabora. Zamani reli ilikuwa na kijana wa kuja kugonga dirisha usiku kumwita dereva kazini, na wanawake tulikuwa tunaamka kabla ya waume zetu. Siku hizi ni simu, lakini saa ni zile zile. Zamu haijui Idi wala Krismasi. Atalala nje, kwenye nyumba za mapumziko za wafanyakazi, na huko lazima alale kweli, siyo kukaa kijiweni, kwa sababu mapumziko ni sehemu ya kazi. Mke wa dereva wa basi tayari ana nusu ya mazoezi haya, kwa hiyo simtishi. Ila liko jambo ambalo wa basi anaweza kulikwepa na wa treni hawezi. Watu hukatiza reli, wengine walevi, wengine watoto, wengine wameamua. Dereva anamwona, anapiga honi, anafunga breki zote, na hana pa kukata kona. Mume wangu aliwahi kurudi akaacha chakula mezani siku tatu. Alirudi kazini baadaye, ila alikuwa na watu wa kuongea nao, wenzake wa kichwani, na mimi nikajifunza kutomuuliza maswali ya upelelezi. Mzungumzie mkeo hili sasa.

Fedha. Usiache basi. Masomo mawili ya kidato cha nne yanasomeka jioni na siku za mapumziko, na kama mwanao mkubwa yuko sekondari kaeni meza moja, mwone nani atamwonea nani aibu. Tena njia yako ibadilishe. Unalia kwamba treni imekula Dar–Dodoma, lakini abiria anayeshuka Dodoma akielekea Singida, Shinyanga au Mwanza anashuka na mizigo yake na anatafuta basi. Mpaka reli ifike Tabora, Isaka na Mwanza, watu hao wanahitaji dereva mzuri. Mwulize tajiri wako kama amelifikiria hilo kabla hajauza gari la tatu. Ukipata njia ya kutokea Dodoma unaweza kuweka akiba ya mwaka wa kwanza wa chuo, na ukija kukosa udereva wa treni, hujavunja nyumba.

Kukosa kunawezekana. Usijifungie mlango mmoja. Treni moja inatembezwa na watu wengi ambao abiria hawaoni: wapanga mabehewa kwenye yadi, mafundi wa karakana, waongoza treni kwenye vyumba vya udhibiti, wahudumu na wakaguzi wa tiketi ndani ya mabehewa, wasimamizi wa stesheni. Mtu mwenye stashahada ya umeme au mitambo anahitajika huko kote, na nje ya reli pia. Ndiyo maana nimekusukuma kwenye cheti cha ufundi badala ya kukwambia usubiri kozi ya udereva peke yake.

Lakini kabla ya Hisabati, kabla ya NECTA, kabla ya kumwomba mkeo radhi kwa kiwanja ulichotaka kuuza bila yeye, nenda kapime macho. Mwambie daktari unataka kipimo cha kutofautisha rangi, kile cha vitabu vya vidoti. Kuna wanaume wengi kuliko tunavyodhani ambao nyekundu na kijani zinawachanganya na wameendesha magari maisha yao yote kwa kukumbuka taa ya juu ni ya kusimama. Kwenye reli huyo hapiti, hata awe na shahada. Pima na presha na sukari kwa wakati huo huo, maana ninyi wa mabasi mnakula chipsi usiku. Ukipata majibu niandikie tena. Kama macho ni mazima, barua ijayo tuongee habari ya Fizikia.

Shangazi yako